Ghorofa Nne Yashika Mkia

Spika hasomi habari kama watu wengine. Mtu aliyetangaza mabasi stendi kwa miaka thelathini, kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma kuliko abiria, hawezi tena kusoma hata orodha ya dawa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo alipofika kijiweni saa kumi kasorobo, simu yenye gazeti la leo mkononi, miwani kwenye ncha ya pua, kila aliyekuwa pale alijua kwamba habari ya leo wataisikia mpaka walio ng'ambo ya barabara kuu.

"Kampuni yenye hoteli ishirini na sita," akaanza, kisha akanyamaza kidogo kama anayesubiri basi lirudi nyuma, "imetangaza kwamba itaondoa jina lake kwenye hoteli yoyote ambayo wageni wameipa chini ya nyota tatu. Hesabu inafungwa mwisho wa mwezi huu. Na katika orodha hiyo, inayoshika mkia kuliko zote ni..."

Hakutaja jina. Jina lenyewe ni la kigeni, refu, na pale kijiweni hakuna aliyewahi kulitamka likatoka zima. Alinyoosha kidole tu. Wote wakageuka kuitazama hoteli kana kwamba imejengwa jana. Wao wanaiita Ghorofa Nne. Imesimama ng'ambo ya barabara kuu tangu enzi malori yalipokuwa yakipita moja moja na watu wakiyapungia mkono. Siku hizi yanapita mfululizo kutwa nzima, na kila likipita moja madirisha ya hoteli yanatetemeka, na hakuna tena anayepungia chochote.

"Tumetoka gazetini," akasema Mama Birika, mwenye kahawa, kwa fahari isiyofichika.

"Tumeshika mkia, mama."

"Mkia ni mkia, lakini gazetini tumo. Nyota ngapi?"

"Moja nukta nane."

Presha, fundi wa matairi, alikuwa amechutama kando ya kompresa yake akisugua mpira uliotoboka kabla ya kuuziba. Aliposikia moja nukta nane, moyo wake ulicheza. Aliinamisha uso ili wasimwone anavyotabasamu. Mwezi wa pili ilikuwa tatu na kitu. Leo moja nukta nane. Akajiambia kwamba wakiongeza bidii kidogo, mwisho wa mwezi watagonga moja kamili, na hapo ndipo atakaposimama aseme ni nani aliyefanya kazi hiyo. Hilo neno la kushika mkia hakulielewa, lakini Spika naye ana mazoea ya kuchanganya mambo. Aliwahi kupeleka abiria sitini kusini wakiwa na tiketi za kaskazini.

Kijiwe chenyewe ni cha Presha, ingawa kila mtu anadai ni chake. Viti ni matairi manne ya lori yaliyokwisha kazi, juu yake mbao. Jiko la Mama Birika liko upande wa kivuli. Na kiti cha karibu na barabara ni cha Breki, dereva wa lori, ambaye jina alilipata siku breki zilipomkatikia mteremkoni akavunja uzio wa Ghorofa Nne na kusimama hatua tatu kutoka meza ya mapokezi. Alilala hotelini humo siku tisa akisubiri vipuri. Tangu hapo, ukitaja hoteli yoyote duniani mbele ya Breki, unaomba kuhutubiwa.

"Hizo nyota ni nyingi," akasema Breki. "Mimi nimelala mle. Ile lifti ina tabia ya kupumzika kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili. Ukiruka mara moja inaendelea. Ukiruka mara mbili inarudi chini na kuzima taa. Kuna mzee mmoja alikuwa mnene, akaogopa kuruka, tukampitishia chai mlangoni."

Mama Birika alimwambia apunguze chumvi. Breki akaapa, akaongeza kwamba mzee huyo alipotoka alikuwa amekonda. Spika akawakatisha wote wawili, akauliza kwa nini wabishane ilhali wageni wenyewe wameandika kwa mikono yao, kila mmoja na yaliyomkuta. Akapandisha miwani na kuanza kuyasoma maoni kwa ile sauti yake ya stendi.

"'Maji ya moto yapo. Yanakuja ukishavaa nguo.' Nyota mbili. 'Rimoti ya televisheni imefungwa mnyororo ukutani. Ndani haina betri. Sijui walikuwa wanalinda nini.' Nyota mbili. 'Niliomba chumba kisichotazama barabara. Nikapewa kinachotazama jenereta.' Nyota mbili. 'Glasi ya maji niliiweka kushoto mwa kitanda. Malori yakapita. Nimeamka nimeikuta kulia.' Nyota tatu, huyu alifurahi. 'Bwawa la kuogelea lililo kwenye picha nimelitafuta siku mbili. Mlinzi akaniambia nimekaa juu yake.'"

Hapo Breki alijipiga paja mpaka mbao ikaruka. Ni kweli, bwawa lilifukiwa zamani na juu yake kukawekwa meza za plastiki. Lakini kilichowamaliza kabisa yalikuwa majibu ya kampuni. Chini ya kila malalamiko, makao makuu walijibu maneno yaleyale, yasiyoongezwa wala kupunguzwa neno: Mgeni wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu, tunalifanyia kazi. Mgeni mmoja alikuwa ameandika tu kwamba kasahau soksi chumbani. Nalo wanalifanyia kazi.

Presha alicheka pamoja nao, ila kwa heshima. Yeye Ghorofa Nne haichezei sana, na sababu anaijua mwenyewe. Miaka kumi na tano iliyopita mke wake alijifungua ghafla, nyumbani hamna hata kitambaa cha kumfunikia mtoto. Shuka ndiye aliyewaokoa. Huyo Shuka ni dada mmoja anayetandika vitanda vya ghorofa ya pili pale hotelini, na kijiweni jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Siku hiyo alivuka barabara na shuka mbili zilizokwisha kufutwa kwenye orodha ya hoteli, kuukuu, lakini zimefuliwa na kupigwa pasi na kukunjwa kama zinakwenda kwa waziri. Mtoto yule leo yuko sekondari, na zile shuka bado zipo kwa Presha, zinatolewa akija mgeni tu. Presha si mtu wa kusema asante mara mbili. Alikaa nayo rohoni miaka yote hiyo akitafuta pa kuiweka.

Mwezi wa tatu akapata. Shuka alikuwa amelalamika kijiweni kwamba wageni wanalala, wanaondoka, hakuna anayeacha neno zuri, na siku hizi hoteli zinapimwa kwa nyota za kwenye simu. Kuanzia kesho yake, kila dereva aliyesimama kwake kujaza upepo asubuhi, wakati Shuka yuko kazini na hawezi kusikia, aliambiwa: upepo ni bure leo, ila kwanza toa simu, isifu ile hoteli, sifu shuka hasa, na weka nyota moja. Madereva ni watu wa haraka. Waliandika, wakajaziwa, wakaondoka. Mmoja tu, mbishi, aliweka tano. Presha akamnyima upepo.

Maana Presha alilipima jambo hilo kwa kipimo anachokijua. Tairi lenye kiraka kimoja ni tairi, unasafiri nalo popote. Lenye viraka viwili unaomba Mungu. Lenye viraka vitano hilo ni kiti, na pale kijiweni watu wanalikalia. Kwa hiyo alipoonyeshwa ile safu ya nyota tano za kubonyeza, hakuhitaji kumuuliza mtu.

"Mwenyewe huyo anakuja," akasema Mama Birika. "Nyamazeni."

Shuka alikuwa anashuka ngazi za daraja la waenda kwa miguu, mkoba begani, viatu vya kazini mkononi. Kwa kawaida hushuka akiwa ameshaanza kuzungumza, mtu unampata katikati ya sentensi. Leo alishuka kimya. Akakaa kwenye tairi lake, akaweka mikono magotini, na Presha akaona vidole vilivyopasuka kwenye viungo, vyekundu, vya mtu anayechovya mikono kwenye dawa ya kung'arishia nguo kutwa nzima.

"Vicheko vyenu nimevisikia nikiwa darajani," akasema Shuka. "Endeleeni, msinionee haya."

Spika akataka kuificha simu. Shuka akamwambia asijisumbue, gazeti wamelisoma wote kazini. Meneja aliwaita asubuhi kwenye chumba cha chakula, wafanyakazi thelathini na mmoja, akawasomea barua. Jina likitolewa, mwenye jengo hana haja ya hoteli. Ameshapata mtu anayetaka kulifanya ghala la saruji. Wao wote nyumbani. Kisha meneja akasema kwamba kama wageni wamekasirika, sababu ni uchafu, na aliposema uchafu hakumtazama mpishi wala fundi wa lifti.

"Akakutazama wewe?" akauliza Breki.

"Akanitazama mimi. Na mimi nimekaa nikafikiri, nikaona ana haki. Mwezi wa pili tulikuwa na nyota tatu na nusu. Lifti ilikuwa mbovu wakati huo, bwawa lilishafukiwa, maji yalikuwa yaleyale. Sasa tangu mwezi wa pili kimebadilika nini? Kilichobaki ni vitanda. Miaka ishirini na moja ninatandika, kumbe nimezeeka, macho hayaoni tena madoa. Wiki tatu hizi kila shuka naifua mara mbili. Jana nimemkaripia mwenzangu mpaka akalia, nikimwambia ni yeye, ni yeye anayetuharibia. Na nyota zinashuka tu."

Presha aliuacha ule mpira, akasimama, mgongo ukalia. Kuna neno moja katika hayo lilimwingia vibaya.

"Dada," akasema, "kwani zikishuka ndiyo vibaya?"

Wakamtazama wote.

"Presha," akasema Spika, "hicho kichwa nacho umekijaza upepo?"

"Nauliza tu."

"Tano ni hoteli ya marais. Moja ni pa kufungia mifugo. Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Presha akachutama tena, polepole. Jasho lilimtoka mgongoni na jua lilikuwa limeshainama. Akachukua ule mpira akausugua palepale alipokuwa ameshapasugua, akiomba kimoyomoyo Spika aishiwe chaji. Lakini Spika alikuwa bado ana simu mkononi, na kidole chake kilikuwa kimeshateleza chini kwenye maoni ya miezi ya karibuni.

"Hebu subirini," akasema Spika. "Haya ya huku chini ni ya ajabu. Sikilizeni. 'Hoteli nzuri mno. Shuka nyeupe kama maziwa. Anayetandika ghorofa ya pili apandishwe cheo.' Nyota moja."

"Soma tena," akasema Shuka.

"'Nyeupe kama maziwa', nyota moja. Na huyu: 'Sijaona usafi wa namna hii tangu nizaliwe.' Nyota moja. 'Shuka safi, Mungu amlinde mfuaji.' Nyota moja. Huyu mwingine: 'Nina haraka, ila shuka ni nzuri.' Moja. Hawa watu wana wazimu? Yuko wa lori la mafuta: 'Nimeambiwa nisifu shuka. Shuka nzuri. Na upepo asante.'"

"Upepo gani?" akauliza Breki. "Mle vyumbani hata feni hakuna."

"Ndivyo alivyoandika. Na huyu: 'Hoteli safi, upepo umejaa wa kutosha magurudumu yote sita.'"

Breki alianza kugeuka. Aligeuka kama lori linalotafuta pa kugeuzia, kipande kwa kipande, mpaka macho yake yakatua juu ya kompresa. Spika akageuka. Shuka akageuka. Mama Birika peke yake hakugeuka. Yeye alikuwa amefunua birika akichungulia ndani kana kwamba kuna mtu alimpoteza humo.

"Wako wangapi hao?" akauliza Shuka.

Spika alihesabu kwa midomo. Ilimchukua muda, na katika muda huo malori manane yalipita na hakuna aliyeyatazama. "Mia moja na tisini," akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sauti ya chini.

Presha akaona hana pa kupita. Akaeleza yote. Akaeleza habari ya tairi lenye kiraka kimoja na tairi lenye viraka vitano, akanyanyua mbao aliyokalia Breki kuonyesha ushahidi, Breki akiwa bado juu yake. Akauliza ni nani huyo aliyeamua kwamba kiraka kimoja ni kibaya kuliko viraka vitano, na alifanya kazi gani mtu huyo. Kila neno alilolitamka lilizidi kumzamisha, na alilijua hilo, lakini alishindwa kunyamaza, kwa kuwa akinyamaza atalazimika kumtazama Shuka usoni.

"Na wewe mama ulijua?" Spika akamgeukia Mama Birika.

"Nilijua habari ya upepo tu. Hizo hesabu za viraka ni zake." Akafunika birika. "Lakini na mimi niliweka moja. Mbili, kwa kweli. Na ya pili niliweka kwa simu ya binti yangu."

"Na yule mbishi aliyeweka tano?" akauliza Breki.

"Nilimnyima upepo," akasema Presha. "Aliondoka na tairi la nyuma limelala."

Hapo kicheko kilimshinda Breki, akaanguka nacho kutoka kwenye tairi. Shuka hakuanguka. Alimnyang'anya Spika simu, akaisogeza karibu na uso, akawa anapandisha na kushusha.

"Kwa hiyo si shuka," akasema.

"Si shuka, dada," akajibu Spika.

"Tafuta vizuri. Hakuna hata mmoja aliyesema shuka chafu?"

Spika alirudishiwa simu, akatafuta mpaka mwaka juzi. Akakuta moja. "'Shuka zimebanwa mno kitandani, nimeshindwa kuingiza miguu.'"

"Hiyo ni sifa," akasema Shuka, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono uliopasuka. Presha alitamani ardhi ifunguke. Wiki tatu dada wa watu amelala na kuamka akijua kwamba kazi yake imeoza, kumbe aliyeiozesha ni yeye Presha, aliyekuwa akitafuta tu mahali pa kuweka asante.

Shuka alipomaliza kulia alianza kusema, na Shuka akianza kusema, hata Breki huegesha. Alimuuliza Presha kama mikono hii anaiona. Akamuuliza kama saruji nayo inahitaji kutandikiwa kitanda. Akapita kwenye ukoo wa Presha, upande wa mama na upande wa baba, akisimama kila kituo. Spika akaona amsaidie mwenzake, akatoa wazo: tangu kesho upepo wa bure uwe wa nyota tano, madereva mia mbili wengine, na mambo yatakuwa sawa.

"Sitaki," akasema Shuka. "Watu mia moja na tisini wamekisifu kitanda ambacho hawajawahi kukilalia. Nyota ya mtu ambaye hajalala kwangu naipeleka wapi? Kesho namwambia meneja kila kitu."

"Na mimi utanitaja?" akauliza Presha.

"Nitakutaja mpaka jina la babu yako. Na wewe keshokutwa utavuka barabara hiyo, utachukua chumba mia mbili kumi na nne, utalala, halafu utaandika ulichokiona. Kweli tupu. Kama pabaya, sema pabaya."

Presha alijaribu kujitetea. Miaka kumi na nane ameitazama Ghorofa Nne kutoka hapa alipochutama, hajawahi kulala hoteli yoyote, na nyumbani kwake ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Shuka alishachukua mkoba wake na kuondoka.

Siku ya nne, saa kumi kasorobo, kijiwe kilijaa mapema. Habari ya kwanza ilishafika kwa mdomo wa mlinzi wa hoteli. Meneja alipoambiwa, alikaa chini, akacheka peke yake kwa muda, kisha akayachapa maoni yote mia moja na tisini na kuyatuma makao makuu. Na huko, ajabu, safari hii alikuwepo binadamu. Binadamu huyo alijibu kwamba katika hoteli zao ishirini na sita hakuna iliyowahi kusifiwa shuka namna hiyo, hata kwa uongo. Kura hizo zitafutwa, na Ghorofa Nne imepewa miezi sita ihesabiwe upya. Ghala la saruji litafute kwingine kwa sasa.

Habari ya pili ilikuwa kwenye simu ya Spika, na Presha alikuwa amechutama kwenye kompresa yake akijifanya haimhusu. Shuka alikuwa ndiyo kwanza anashuka ngazi za daraja. Spika alisafisha koo.

"'Mimi nimelala chumba mia mbili kumi na nne. Kwenye lifti nimeruka mara moja kama nilivyoelekezwa. Maji ya moto yamekuja nimeshavaa. Glasi imetembea, nimeiona kwa macho yangu. Dirisha halifungi vizuri, fundi aweke mpira, mpira ninao. Kitanda nimekitazama sana. Mimi ni fundi wa matairi. Mikono nimeisugua mara tatu na bado. Kitanda kile ni cha mtu msafi. Nimelala chini kwenye zulia. Nyota tano, na tano ndiyo nyingi, nimeuliza.'"

"Na makao makuu wamesemaje?" akauliza Mama Birika.

"'Mgeni wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu. Tunalifanyia kazi.'"

Breki akauliza watafanyia kazi nini hapo, kitanda au mikono ya Presha. Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Shuka alipofika. Hakukaa. Alisimama mbele ya Presha, na Presha akainuka, maana hukai umechutama mbele ya mtu aliyesimama hivyo.

"Nimeingia chumbani saa nne asubuhi," akasema Shuka. "Nimekikuta kitanda vilevile nilivyokiacha. Hata mto haujabonyea. Nikajua umekimbia kupitia dirishani."

"Sikukimbia, dada."

"Nimesikia, Spika amesoma dunia nzima imesikia. Miaka ishirini na moja, Presha. Kitanda kile wamekilalia walevi. Wamekilalia watu na viatu vyao. Huyu hapa Breki alilala na pampu ya lori ubavuni siku tisa."

"Ningeibiwa," akasema Breki.

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kukiacha kitanda changu akaenda kulala chini, kana kwamba nimemtega. Ni wewe peke yako."

"Ningekichafua."

"Kikichafuka nitakifua," akasema Shuka. "Kwani mimi kazi yangu ni nini?"

Miaka kumi na tano zile shuka mbili zimekaa kabatini kwake bila yeye mwenyewe kuzilalia hata siku moja, akidhani hiyo ndiyo heshima. Akatazama chini, kwenye mikono yake. Shuka akaichukua yote miwili, akaigeuza upande huu na upande huu, kama anavyokagua foronya kabla ya kuamua kama inarudi kwenye maji.

"Haitoki grisi hiyo," akasema. "Basi. Nimeshaongea na mapokezi, chumba ni chako mpaka kesho, maana usiku wa jana hukuutumia. Nenda. Na usinilalie pembeni."

Presha alizima kompresa, akaifunika turubai, na dereva mmoja aliyekuwa anataka upepo akaambiwa na Mama Birika arudi kesho, fundi ana safari. Alipofika katikati ya ngazi za daraja, Spika alikuwa ameshapanda juu ya tairi lake, viganja viwili mdomoni, akaifungulia ile sauti ya miaka thelathini mpaka mapokezi wakachungulia dirishani.

"Abiria wa chumba mia mbili kumi na nne, abiria wa mwisho, elekea kitandani sasa hivi. Abiria anakumbushwa kwamba safari hii analala juu."